Safu inayokua kwa realloc inatoa kilo za ajabu siku za giza: kosa liko wapi?

Karani wa Diko, Tanga

Assalamu alaikum, na heshima kwenu nyote. Mimi ni karani wa mnada wa samaki kwenye diko moja hapa Tanga, na kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikijifunza lugha ya C usiku, baada ya kufunga hesabu za kazini. Ili nijipime, niliandika programu ndogo inayosoma faili la mnada wa siku, mstari mmoja kwa kila mzigo ulionadiwa, yaani bei, kilo na jina la chombo kilicholeta mzigo huo, kisha mwishoni inachapisha mzigo uliokuwa mzito kuliko yote. Kwa kuwa kabla ya asubuhi hakuna anayejua mizigo itakuwa mingapi, niliomba kwa `malloc` nafasi za mizigo 50, na safu inapojaa naongeza nafasi 10 kwa `realloc`.

Kinachonishangaza ni kwamba programu yangu inafuata mwezi. Siku za mbalamwezi, ambapo vyombo vingi vya dagaa hupumzika kwa sababu taa zao hazivuti samaki mbele ya mwanga wa mwezi, tunanadi mizigo 30 au 40 na jibu huwa sahihi kila siku. Likiingia giza, mizigo hupita 100, na hapo mambo huharibika: siku moja ilinitajia mzigo mwepesi kuwa ndio mzito, na juzi ilichapisha kilo kwa tarakimu zaidi ya 150, mstari wenyewe ukavuka ukingo wa kioo mara mbili, kisha ikaanguka kabla ya kutaja jina la chombo.

```
struct mzigo {
    int bei;
    double kilo;
    char *chombo;
};

size_t uwezo = 50, idadi = 0;
struct mzigo *orodha = malloc(uwezo * sizeof *orodha);
struct mzigo *mkubwa = NULL;

while (fscanf(faili, "%d %lf %63s", &bei, &kilo, jina) == 3) {
    if (idadi == uwezo) {
        uwezo += 10;
        orodha = realloc(orodha, uwezo * sizeof *orodha);
    }
    orodha[idadi].bei = bei;
    orodha[idadi].kilo = kilo;
    orodha[idadi].chombo = strdup(jina);
    if (mkubwa == NULL || kilo > mkubwa->kilo)
        mkubwa = &orodha[idadi];
    idadi++;
}
printf("Kilo: %.1f\n", mkubwa->kilo);
printf("Chombo: %s\n", mkubwa->chombo);
```

Nimehakikisha kwamba `malloc` na `realloc` hazijarudisha `NULL`, yaani ishara ya ombi kukataliwa, hata mara moja, na faili nimelisoma kwa macho yangu mstari kwa mstari, halina kasoro. Tena kuna siku tulikuwa na mizigo 58, maana yake `realloc` ilikuwa imekwisha kuitwa, na jibu likatoka sahihi kabisa. Ndiyo sababu naona vigumu kuamini kwamba kosa liko kwenye `realloc`. Naomba mnielekeze.

Fundi wa Ngamiani

Wa alaikum salaam, ndugu Karani. Umeuliza vizuri, na hizo tarakimu 150 zimenirahisishia kazi, kwa hiyo nitaanzia hapo.

`realloc` haina kosa, na faili lako halina kosa. Kosa liko kwenye mstari huu: `mkubwa = &orodha[idadi];`. Hapo umeandika anwani ya mzigo mahali ulipokuwa wakati ule. Lakini `realloc` inapoombwa kuongeza nafasi, kama jirani wa kipande chako ameshika sehemu inayofuata, hutafuta kipande kingine kikubwa zaidi, hunakili humo kila kitu, huachia kile cha zamani, kisha hukurudishia anwani mpya. Wewe umeipokea anwani hiyo kwenye `orodha`, ila `mkubwa` hakuna aliyemwambia, naye amebaki anaelekeza kwenye kipande ambacho si chako tena. Ni sawa na kumtafuta nahodha pale alipotia nanga jana: maji yapo, pwani ipo, lakini chombo kilichoelea pale sasa ni cha mtu mwingine.

Sasa tazama kwa nini siku ya mizigo 58 ulisalimika. Kwenye kompyuta ya biti 64, mzigo wako mmoja hushika baiti 24 (ukijumlisha 4, 8 na 8 unapata 20, lakini kompaila huacha baiti 4 tupu baada ya `bei` ili `kilo` ikae kwenye anwani inayogawanyika kwa 8). Nafasi 50 ni baiti 1,200. Mzigo wa 51 ulipoingia, safu ilihama, na baiti zile 1,200 zikarudi kwa mgawaji wa kumbukumbu. Kuachiwa hakumaanishi kufutwa, kwa hiyo maandishi ya zamani yalibaki pale pale, mpaka mtu mwingine alipoomba nafasi. Na aliyeomba ni wewe mwenyewe: kila `strdup` inaomba kipande kidogo kwa ajili ya jina la chombo, na mgawaji wa kawaida wa Linux hupenda kukata vipande hivyo vidogo kutoka kwenye kipande kilichoachiwa karibuni, akianzia mwanzo wake. Jina fupi, pamoja na alama za mgawaji mwenyewe, huchukua baiti 32. Kwa hiyo majina manane, kuanzia la 51 hadi la 58, yalikula baiti 256, yaani nafasi kumi za mwanzo na ukingo wa ile ya kumi na moja. Kama mzigo wako mzito siku hiyo ulikuwa wa ishirini au wa arobaini, ulisoma maiti ambayo bado haijaoza.

Siku za giza hali ni nyingine. Ukifika mizigo 90 hivi, kipande chote cha zamani kimekwisha kuliwa, na pale `mkubwa` anapoelekeza pamejaa herufi za majina ya vyombo. Herufi nane za jina zikisomwa kana kwamba ni namba ya aina ya `double`, hutoka namba yenye tarakimu kati ya 150 na 280 hivi, kwa sababu herufi ndogo ya mwisho katika zile nane huangukia kwenye sehemu ya kipeo, ile inayoamua ukubwa wa namba. Ukiona tena kilo za namna hiyo, jua moja kwa moja kwamba unasoma maandishi mahali pa namba. Kisha `mkubwa->chombo` nayo ikageuka kuwa herufi zinazochukuliwa kama anwani, programu ikaifuata anwani ambayo haipo, mfumo ukaiangusha.

Lile kosa la kutajiwa mzigo mwepesi lina chanzo hicho hicho, na kwangu ndilo la kuogopwa zaidi, kwa sababu halipigi kelele. Kielekezi kilichopotoka, yaani kigeu kinachotunza anwani kama huyu `mkubwa`, hukitumii kwenye kuchapisha tu. Unakitumia pia kulinganisha, katika `kilo > mkubwa->kilo`. Thamani iliyopo pale ikiharibika na kuwa sifuri, mzigo wowote unaofuata hushinda na kuitwa mzito.

Dawa ni kutunza namba ya nafasi badala ya anwani. Safu ikihama, mzigo wa 37 unabaki kuwa wa 37.

```
size_t kubwa = 0;
...
if (kilo > orodha[kubwa].kilo)
    kubwa = idadi;
```

Mzigo wa kwanza utajilinganisha na nafsi yake, hautashinda, na `kubwa` itabaki sifuri, jambo ambalo ni sahihi. Kabla ya kuchapisha, hakikisha `idadi` si sifuri, kwa maana ipo siku ya upepo mkali ambayo hakuna chombo kinachotoka na faili litakuja tupu.

Mwalimu, Raskazone

Fundi amemaliza kiini cha swali, nami naongeza mambo mawili ambayo hayajakuuma bado.

La kwanza ni `orodha = realloc(orodha, ...)`. Unasema haijarudisha `NULL`, na ninakuamini, lakini siku itakaporudisha `NULL` kile kipande cha zamani kitakuwa bado kipo, kizima, na mizigo yako yote ndani yake, ila wewe utakuwa umeifuta anwani pekee uliyokuwa nayo. Hesabu za asubuhi nzima zitakuwa kwenye kumbukumbu bila njia ya kuzifikia wala kuziachia. Ipokee kwanza pembeni:

```
struct mzigo *mpya = realloc(orodha, uwezo_mpya * sizeof *mpya);
if (mpya == NULL) {
    /* orodha ya zamani bado ni salama: hifadhi ulichonacho */
} else {
    orodha = mpya;
    uwezo = uwezo_mpya;
}
```

Angalia kwamba `uwezo` nao unabadilishwa baada ya kufanikiwa, si kabla. Katika programu yako unaongeza `uwezo` kwanza, kwa hiyo ombi likikataliwa, programu itaamini ina nafasi 60 huku ikiwa na 50.

La pili ni hizo nafasi 10 unazoongeza kila mara. Tuchukulie faili lenye mizigo 1,000. Kutoka 50 kwa kuongeza kumi kumi utaita `realloc` mara 95, na ikitokea kila mara safu inahama, utanakili mizigo 50, kisha 60, kisha 70, hadi 990, ambayo ukiijumlisha ni mizigo 49,400 iliyobebwa huku na huko. Ukizidisha `uwezo` kwa mbili kila safu inapojaa, utapita 100, 200, 400, 800 na 1,600: mara tano tu, na mizigo iliyonakiliwa haizidi 1,550. Gharama yake ni nafasi 600 zitakazobaki tupu mwishoni, ambazo kwa baiti 24 kila moja ni baiti 14,400, kiasi ambacho kompyuta ya leo haikihisi. Kama utakihisi, `realloc` inaweza pia kupunguza. Ukimaliza kusoma, iombe ikubakishie `idadi` tu.

Neno moja la pembeni: nimefurahi kuona umeandika `sizeof *orodha` na hukuandika jina la aina. Siku ukibadilisha aina ya safu, hesabu ya baiti itajirekebisha yenyewe. Wanafunzi wangu wengi huandika `sizeof(int)` kwa mazoea, wakabadilisha safu kuwa ya `double`, wakaomba nusu ya nafasi wanayohitaji, na programu ikakubali bila kulalamika.

Dada wa Chumbageni

Samahani, Mwalimu, mimi nitakwenda kinyume kidogo na wenzangu. Karani anasema siku za giza mizigo hupita 100. Hata tukimpa mara kumi ya hiyo, `struct mzigo orodha[1000];` ni baiti 24,000 tu. Kwa nini asitangaze safu ya kudumu, akaweka sharti la kukataa mzigo wa 1,001 kwa ujumbe ulio wazi, akalala usingizi? Hakuna `malloc`, hakuna kuhama, na kielekezi chake `mkubwa` kingekuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Mimi huandika programu za vifaa vidogo vyenye kumbukumbu ya kilobaiti chache, na huko kazini kwetu kuomba kumbukumbu wakati programu inatembea hakuruhusiwi kabisa. Nimeona makosa mengi zaidi yaliyoletwa na safu zinazokua kuliko yaliyoletwa na safu zilizojaa.

Mwalimu, Raskazone

Dada, hoja yako ina uzito, na kwa faili la siku moja sina la kukupinga. Tahadhari yangu ni moja: mtu akizoea hivyo, kesho ataandika `orodha[100000]` ndani ya funksheni. Safu ya namna hiyo hukaa kwenye staki, yaani eneo la kumbukumbu la vigeu vya ndani ya funksheni, na staki ina ukomo ambao kwa kawaida ni megabaiti 8 kwenye Linux na megabaiti 1 tu kwenye Windows. Kwa baiti 24, megabaiti moja inaishia kwenye mizigo 43,690, na kabla ya hapo staki ina mambo yake mengine. Ikizidi, hupati hata `NULL` ya kuipima. Programu huanguka papo hapo. Hali ni hiyo hiyo kwa safu ambayo urefu wake hujulikana programu inapotembea, ile iliyoingizwa katika C mwaka 1999 na kufanywa kuwa hiari mwaka 2011: inavutia kwa ufupi wake, lakini nayo kwa kawaida hukaa kwenye staki na haina namna ya kukuambia kwamba nafasi haitoshi.

Karani wa Diko, Tanga

Nawashukuru sana, na shikamoo Mwalimu. Dada, ushauri wako ningeufuata leo hii, isipokuwa nakusudia baadaye kusoma faili la mwaka mzima kwa mara moja, na hapo sitaki kukisia ukomo.

Nimebadilisha `mkubwa` kuwa namba ya nafasi, na faili la juzi, lile la tarakimu 150, limetoa jibu linalolingana na daftari la mnada. Hata hivyo nimekwama mahali pengine pawili. Nilitaka kujumlisha kilo zote, nikaandika `for (i = 0; i < sizeof(orodha) / sizeof(orodha[0]); i++)` kama nilivyojifunza kwenye safu za kawaida, na jumla ikatoka sifuri. Pili, mwishoni nimeandika `free(orodha);` nikidhani nimesafisha kila kitu. Je, inatosha?

Na je, kuna njia ya kuliona kosa kama lile la kwanza mapema, bila kungojea giza?

Fundi wa Ngamiani

Nianze na swali la mwisho, kwa kuwa ndilo lingekuokolea wiki hizo zote. Jenga programu yako hivi unapoijaribu:

```
gcc -g -fsanitize=address mnada.c -o mnada
```

Kisha rudisha kwa muda lile kosa la zamani na uipe lile faili la mizigo 58, lililokuwa likitoa jibu sahihi. Programu itasimama palepale kielekezi kinapogusa kumbukumbu iliyoachiwa, na itakutajia mambo matatu: mstari wa programu uliogusa, mstari ulioachia kipande hicho, ambao utakuwa ule wa `realloc`, na mstari ulioomba kipande hicho mwanzoni. Inaweza kufanya hivyo kwa sababu chini ya ukaguzi huu `realloc` huhamisha safu kila mara hata kama palikuwa na nafasi ya kuongeza pale pale, na kipande kilichoachiwa huwekwa karantini badala ya kugawiwa upesi kwa mwingine. Programu itakwenda polepole na kula kumbukumbu zaidi, kwa hiyo ni ya majaribio, si ya kutumia kila siku mnadani. Kama kompaila yako haina ukaguzi huo, endesha programu ndani ya Valgrind, chombo cha kukagua matumizi ya kumbukumbu. Huenda polepole zaidi, ila haidai ujenge upya.

Jumla ilitoka sifuri kwa sababu `orodha` si safu. Ni kielekezi kwenye safu. `sizeof(orodha)` inakupa ukubwa wa kielekezi chenyewe, baiti 8, na 8 ukigawanya kwa 24 katika hesabu ya namba nzima unapata sifuri, kwa hiyo mzunguko wako haukuzunguka hata mara moja. Kumbukumbu uliyoiomba kwa `malloc` haina kibandiko cha urefu unachoweza kukisoma. Urefu ni jukumu lako, nawe tayari unautunza kwenye `idadi`, tumia huo.

Kuhusu `free(orodha)`, haitoshi. Umeachia safu ya mizigo, lakini kila mzigo una jina la chombo ambalo `strdup` ililiombea kipande chake peke yake. Ukaguzi ule ule utakuorodhesha majina hayo mwishoni kuwa yamevuja. Anza na majina, umalizie na safu, kwa maana ukianza na safu utakuwa unasoma anwani za majina kutoka kwenye kumbukumbu uliyokwisha kuiachia, na tutarudi pale pale tulipoanzia.

```
for (size_t i = 0; i < idadi; i++)
    free(orodha[i].chombo);
free(orodha);
orodha = NULL;
idadi = uwezo = 0;
```

Ile `NULL` ya mwisho ni tabia yangu tu. `free` ikipewa `NULL` haifanyi chochote, lakini ikipewa mara ya pili anwani iliyokwisha kuachiwa, hakuna anayeweza kukuahidi kitakachotokea. Na ukija kuunakili mzigo kwa `a = b`, kumbuka kwamba jina halinakiliwi; mizigo miwili itakuwa inaelekeza kwenye herufi zile zile, na mzunguko huo hapo juu utaziachia mara mbili.

Karani wa Diko, Tanga

Nimefanya kama ulivyoelekeza, Fundi. Nilirudisha lile kosa, nikaipa faili la mizigo 58, na ikasimama kwenye `mkubwa->kilo`, ndani ya mzunguko, ikasoma mzigo wa 51. Haikufika hata kwenye kuchapisha. Baada ya kurekebisha, na kuachia majina kabla ya safu, imepita mafaili yote ya mwezi uliopita bila kulalamika. Nimebakiza kuandika sehemu ya `mpya == NULL` ya Mwalimu, ambayo kwa sasa inahifadhi mizigo iliyokwisha kusomwa kwenye faili la pembeni na kunitajia ilikoishia.

Mwalimu, Raskazone

Vizuri. Ila usingojee kumbukumbu iishe ndipo uijaribu sehemu hiyo: badilisha kwa muda mstari wa `realloc` uwe `struct mzigo *mpya = NULL;`, uone kama faili la pembeni linaandikwa kweli na kama mzigo wa 51, uliokuwa mkononi wakati ombi lilipokataliwa, umo ndani yake au umepotea.

Karani wa Diko, Tanga

Umepotea, Mwalimu. Narekebisha.